Ons Jabeur hakukata tamaa

Mwezi Julai mwaka 2025, Ons Jabeur, mchezaji wa tenisi wa Tunisia, alitangaza kwamba anaweka raketi chini kwa muda. Septemba, Elina Svitolina wa Ukraine akaufunga msimu wake kabla ya wakati, na mwanzoni mwa Oktoba Daria Kasatkina, ambaye siku hizi anaichezea Australia, akasema na yeye mwaka huu basi. Habari za hao wawili wa mwisho zimepita hapa Unguja bila ya mtu kushituka. Ya Jabeur haikupita hivyo, kwa sababu Jabeur tulishamfanya wetu: Mwafrika, Mwarabu, Muislamu, mtoto wa mji wa pwani uliojaa mahoteli. Hukumu ilitolewa mapema, barazani na kwenye makundi ya simu: kachoka kufungwa, kakata tamaa, angelistahamili kidogo tu angelipata. Wengine walisema kwa huruma na wengine kwa kejeli, ila hukumu ni ile ile.

Naiona hukumu hiyo kuwa ni dhulma, na naona inatokana na tatizo kubwa kuliko Jabeur mwenyewe. Tumezoea kuusifu uvumilivu wa aina moja tu, ule wa mtu asiyetoka uwanjani mpaka abebwe kwa machela, na kila mtu tunampima kwa kipimo hicho. Mchezaji wa tenisi wa kulipwa anahitaji uvumilivu wa aina nyingine kabisa. Anatakiwa afungwe karibu kila wiki, kwa miaka kumi au kumi na tano, na kufungwa huko kusimle roho. Kazi ya namna hiyo ina mahesabu yake, na kusimama kwa muda ni moja ya mahesabu hayo.

Mimi ni mgeni katika mchezo huu. Nilianza kuufuatilia kwa ajili ya Jabeur, katika ile fainali yake ya Wimbledon ya Julai 9, 2022, iliyoangukia siku ambayo kwao Tunisia ilikuwa Iddi Kubwa. Na naona sisi tuliolelewa na mpira wa miguu tunachelewa kuelewa mambo mawili ya tenisi. La kwanza ni kwamba hamna sare, hamna dakika tisini, hamna mchezaji wa akiba. Timu inayoongoza kwa mabao mawili dakika ya 85 inaweza kuupeleka mpira kwenye kona na kuupoteza muda. Mchezaji wa tenisi aliyebakisha pointi moja tu awe bingwa lazima aicheze pointi hiyo na aishinde. Jannik Sinner alikuwa na pointi tatu za ubingwa mbele ya Carlos Alcaraz katika fainali ya Roland Garros, mashindano makuu ya Ufaransa, ya Juni 8, 2025. Zote tatu zikampita, na baada ya saa tano na dakika 29 kombe likaenda kwa mwenziwe. Siku 35 baadae Sinner huyo huyo alimfunga Alcaraz huyo huyo katika fainali ya Wimbledon.

Jambo la pili ndilo zito zaidi. Kila moja ya mashindano makuu manne ya mwaka (Australia, Roland Garros, Wimbledon ya Uingereza na US Open ya Marekani) huanza na wachezaji 128 kwa upande wa mchezaji mmoja mmoja, na zinapomalizika wiki mbili, 127 kati yao wameshafungwa. Hakuna hatua ya makundi wala mechi ya marudiano nyumbani. Ukifungwa Jumatatu unafungasha begi, na wiki inayofuata uko mji mwengine unaanza upya. Roger Federer, alipozungumza na wahitimu wa Dartmouth huko Marekani mwezi Juni 2024, aliwaeleza kwamba katika mechi 1,526 alizocheza alishinda karibu asilimia 80, lakini katika pointi zote alizocheza alishinda asilimia 54 tu. Huyo ni bwana mwenye mataji makuu 20. Kwa hiyo hata yeye karibu nusu ya pointi za maisha yake alizipoteza, na alilazimika kuisahau kila moja kabla mpira haujaanzishwa tena. Nilipoisikia hesabu hiyo niliacha kuangalia nani kashinda, nikaanza kuangalia mtu anafanya nini katika zile sekunde 25 baina ya pointi na pointi: nani anaipangusa jasho raketi yake taratibu, nani anazipanga nyuzi kwa vidole, nani ameshavunjika. Kazi ya uvumilivu inafanyika pale, na kamera mara nyingi inakuwa imeshageukia watazamaji.

Sasa tuyatazame maisha ya Jabeur kwa jicho hilo. Alizaliwa Ksar Hellal mwaka 1994 na akakulia Sousse, mji wa kitalii kwenye ufukwe wa Bahari ya Kati. Mama yake ndiye aliyemtia katika mchezo angali mdogo sana. Klabu yake haikuwa na viwanja vyake, kwa hiyo mazoezi yalifanyika kwenye viwanja vya mahoteli ya jirani. Alipofika miaka 12 aliondoka nyumbani akahamia Tunis, kwenye skuli ya michezo. Mwaka 2011 akachukua taji la wasichana la Roland Garros, na mtu angelifikiri njia imeshafunguka. Haikufunguka. Ilimchukua mpaka 2017 kuingia katika mia moja bora wa dunia, na taji lake la kwanza la ziara ya WTA, chama cha tenisi ya wanawake wa kulipwa, alilipata Birmingham mwezi Juni 2021, miaka kumi kamili baada ya lile la utotoni. Katika miaka kumi hiyo hapa kwetu hakuna aliyelijua jina lake. Hakuna aliyemwambia avumilie, na alivumilia.

Mwaka 2022 alishinda Madrid, akapanda mpaka nambari mbili ya dunia, akacheza fainali ya Wimbledon. Mechi ya wanawake huchukuliwa na anayeshinda seti mbili; seti ya kwanza alimfunga Elena Rybakina 6-3, kisha akafungwa mbili 6-2, 6-2. Miezi miwili baadae alifungwa na Iga Świątek katika fainali ya US Open. Mwaka 2023 alirudi Wimbledon, akafika tena fainali, akafungwa na Markéta Vondroušová ambaye hata kwenye orodha ya waliopangiwa nafasi za juu hakuwemo. Siku ile alisema hadharani kwamba hakuwahi kufungwa kukamuuma kama hivyo. Mwaka 2024 bega lilimtoa kabla msimu haujesha. Mwaka 2025, katika raundi ya kwanza ya Wimbledon, alishindwa kuendelea na mechi dhidi ya Viktoriya Tomova. Alipotangaza kusimama aliandika kwamba kwa miaka miwili amekuwa akijisukuma juu ya majeraha na mitihani mingine, kwamba furaha ya uwanjani imemtoka, na kwamba anahitaji kupumua na kupona. Ukihesabu kutoka taji lile la watoto mpaka siku hiyo, ni miaka 14. Sijui ni kazi gani nyengine ambayo mtu akiifanya miaka 14 kisha akaomba likizo tunamwita mwoga.

Wanaomlaumu wana hoja, na moja yao ni nzito. Wanatutajia Jana Novotná. Katika fainali ya Wimbledon ya 1993 aliongoza 4-1 katika seti ya mwisho mbele ya Steffi Graf, kombe liko mkononi, likamponyoka, akalia begani kwa Duchess wa Kent, mgawa zawadi wa familia ya kifalme, mbele ya dunia nzima. Mwaka 1997 akafungwa fainali na Martina Hingis. Mwaka 1998 akalichukua. Wanatutajia pia Andy Murray, aliyekaribia kustaafu kwa machozi huko Melbourne Januari 2019 kwa sababu ya nyonga, akawekewa chuma, na mwezi Oktoba mwaka huo huo akashinda mashindano ya Antwerp. Akaendelea mpaka Olimpiki ya Paris ya 2024. Mvumilivu hula mbivu, wanatuambia, na mifano ni hii hapa.

Mifano hiyo ni ya kweli na mimi naiheshimu. Lakini tuitazame vizuri. Murray hakurudi kwa kuwa alikataa kupumzika. Alirudi kwa kuwa alikubali kisu cha daktari na miezi ya kukaa nje, wakati wengine wakichukua nafasi yake kwenye orodha ya dunia. Novotná naye alisubiri miaka mitano baina ya kilio na kombe. Na tusisahau kwamba kwa kila Novotná wapo wengi waliostahamili vile vile na kombe halikuja. Tukisema aliyepata ndiye aliyevumilia, tunawavua uvumilivu wote wasiopata, na katika mchezo ambao watu 127 kati ya 128 hawapati, hesabu hiyo haiwezi kuwa sawa.

Mfano ninaoutegemea zaidi ni wa Amanda Anisimova wa Marekani, kwa sababu ni wa juzi tu. Mei 2023 alisimama kucheza, akaeleza kwamba akili na moyo vimechoka. Kwa maelezo yake mwenyewe, wapo waliomwambia kwamba ukikaa nje muda kama huo huwezi tena kurudi juu. Alirudi Januari 2024. Mwaka huo huo alijaribu kuingia Wimbledon kupitia mechi za kufuzu na akashindwa. Mwaka 2025 alifika fainali ya Wimbledon, na humo akafungwa na Świątek 6-0, 6-0, kipigo ambacho mtu angelitegemea kimfunge mdomo na miguu. Chini ya miezi miwili baadae alikutana na Świątek yule yule katika robo fainali ya US Open na akamtoa, kisha akaenda mpaka fainali. Sisemi kwamba Jabeur atarudi hivyo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyefungwa sita bila mara mbili mbele ya dunia nzima na akasimama tena ndani ya wiki nane, nguvu hizo hakuziokota njiani. Alizikusanya katika ile miezi ambayo watu walimwambia anapotea.

Na kwa nini wamesimama wengi kwa pamoja mwaka 2025? Baadhi yetu wanajibu kwamba kizazi hiki ni laini. Wangeliitazama ratiba kwanza. Msimu unaanza Januari na unakwenda mpaka Novemba. Tangu 2024 wachezaji wa juu wa wanawake wanatakiwa wacheze mataji makuu manne, mashindano kumi ya ngazi ya WTA 1000 na sita ya WTA 500, na pointi za mtu kwenye orodha ya dunia hudumu wiki 52 tu kisha zinafutika. Ukishinda Aprili hii, Aprili ijayo unatakiwa ushinde tena, si kwa ajili ya kupanda bali kwa ajili ya kubaki pale pale ulipo. Kasatkina aliitaja ratiba kwa jina alipoaga msimu. Mpemba anajua kwamba mkarafuu uliozaa kwa wingi mwaka huu mwakani utatoa kidogo au hautatoa kitu, na hamna mwenye shamba anayeutukana mti. Wanaoendesha tenisi wanataka mti huo uzae kila mwaka, kila mwezi, katika kila bara, na unapokauka wanatafuta kasoro kwenye mizizi.

Ipo hoja moja ambayo naisikia sana na ambayo ni dhaifu kuliko zote: kwamba hawa ni mamilionea, wana nini cha kulalamikia. Kwanza wengi wao si mamilionea. Bingwa wa Wimbledon mwaka 2025 alilipwa pauni milioni 3, na aliyetolewa raundi ya kwanza alipata pauni 66,000. Fedha hizo ni nyingi, lakini ili uingie moja kwa moja kwenye mlango huo lazima uwe karibu na mia bora duniani. Chini yake kuna mamia ya watu wanaozunguka kwenye mashindano ambayo zawadi yote, ya wachezaji wote kwa pamoja, ni dola 15,000. Bingwa wa huko anaondoka na dola elfu mbili na kidogo, na katika hizo atoe nauli, chumba, chakula, nyuzi za raketi, na kocha kama anaye. Timu ya mpira inamlipa mchezaji hata akiumia. Mchezaji wa tenisi asipocheza halipwi, na kocha anadai. Pili, hata mwenye mamilioni, bega likichanika halisomi hesabu ya benki.

Mfano wa karibu na sisi ni Angella Okutoyi wa Kenya. Amelelewa na bibi yake, aliyekuwa mfanyakazi wa usafi katika skuli moja ya Nairobi ambayo ilikuwa na viwanja vya tenisi, na mtoto akakutana na raketi hapo. Mwaka 2022 alishinda taji la wasichana wawili wawili Wimbledon pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mwezi Machi 2024 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika huko Accra. Baina ya hayo mawili alikwenda chuo kikuu Marekani, Auburn, na wapo waliouliza kwa nini anapoteza wakati darasani badala ya kwenda moja kwa moja kwenye mashindano ya kulipwa. Mimi naona alichagua uvumilivu wenye akili: mahali penye viwanja, makocha, matibabu na cheti mkononi.

Hoja iliyonisumbua kweli ni nyengine, na niliisikia kwa mama mmoja wa makamo. Alisema: mwanamke anayelima mwani Paje maji yakitoka anashuka, jua likiwa kali anashuka, mgongo ukiuma anashuka. Nani anamwandikia makala yeye apumzike? Hoja hii siipingi. Ni kweli kwamba Jabeur aliweza kusimama kwa sababu anacho cha kula, na mchezaji wa nafasi ya 400 hawezi, na mkulima wa mwani hawezi. Lakini tuangalie tunafanya nini tunapomsifu mama huyo kwa uvumilivu wake. Hakuchagua kutopumzika. Hana pa kupumzikia. Tukikiita kitu hicho ushujaa tunajipunguzia sisi wenyewe wajibu wa kuuliza kwa nini kilo ya mwani inanunuliwa kwa bei ndogo vile, na kwa nini mgongo wake hauna bima. Na tukimlaumu Jabeur kwa sababu yule mama hawezi kusimama, tunakuwa tumemfanya anayeonewa kuwa ndio kipimo cha watu wote. Ningelipenda kinyume chake: haki aliyoipata Jabeur ya kusema mwili umechoka imfikie mchezaji wa nafasi ya 400, na imfikie Paje.

Mambo haya yanatuhusu hapa nyumbani kuliko tunavyodhani. Uwanja wa Amaan umefanyiwa ukarabati mkubwa na ukafunguliwa mwisho wa 2023, na AFCON ya 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Fedha na macho vitakuwa kwenye mpira, na sina ugomvi na hilo. Lakini vijana wetu wanafundishwa uvumilivu kwa namna ile ile tunayomlaumia Jabeur. Mwenye goti bovu anaambiwa ajikaze mpaka kombe la skuli liishe, na akimaliza kombe hana goti. Wapo mitaani, kila mtaa unao wa kwake. Na anayefungwa anazomewa, kwa hiyo mtoto anajifunza kuogopa kufungwa badala ya kujifunza nini cha kufanya akishafungwa. Tenisi ingelitusaidia hapo, kwa sababu inamfungisha kila mtu, kila wiki, na inamlazimisha kila mtu aende kwenye wavu akampe mwenziwe mkono.

Watu watasema tenisi ni mchezo wa kikoloni na wa kitajiri, viwanja viko wapi. Viwanja vipo. Mahoteli kadhaa ya Nungwi, Kiwengwa na ukanda ule wote wa kaskazini na mashariki yanavyo, na saa ambazo wageni wako ufukweni au wamekwenda kutazama pomboo, viwanja hivyo viko vitupu. Sousse ilikuwa hivyo hivyo, na katika viwanja vya namna hiyo ndimo alimotoka nambari mbili wa dunia. Wizara inayosimamia michezo, kamati za skuli na wenye mahoteli wakikaa meza moja, makubaliano ya saa tatu au nne kwa wiki kwa skuli za jirani hayagharimu saruji hata mfuko mmoja. Kinachohitajika ni raketi, mipira, na mwalimu. Pemba ni habari nyengine, kwa sababu mahoteli huko ni machache na itabidi serikali ijenge yenyewe, na uwanja wa Gombani ndipo pa kuanzia.

Wasichana nawataja kwa makusudi. Wazazi wengi wa Kizanzibari watauliza juu ya mavazi, na swali lao lina haki ya kujibiwa kwa heshima. Tangu 2019 kanuni za WTA zinaruhusu suruali ya kubana bila ya sketi juu yake, na kwenye kiwanja cha skuli tunaweza kujipangia wenyewe. Kizuizi kikubwa kiko kwingine: binti akianza kucheza tunamtaka ashinde haraka ili kuhalalisha kucheza kwake. Mwanamume anaruhusiwa kupoteza miaka kumi maskani na mpira wake. Binti akifungwa mara tatu anaambiwa arudi jikoni. Jabeur alikaa miaka kumi bila ya taji la WTA, na mama yake hakumtoa uwanjani.

Kwa hiyo makubaliano na mahoteli, yakija, yaandikwe kwa miaka mingi, si kwa msimu mmoja wa majaribio ambao mwisho wake tunauliza medali ziko wapi. Skuli ziwe na ratiba yenye miezi ya kucheza na miezi ya kutocheza. Mwalimu afundishwe kutambua maumivu ya bega na ya kiwiko kabla ya kufundishwa kupanga mashindano, na binti wa Kiwengwa akisema leo mkono unauma, aaminiwe na apelekwe kituo cha afya, kisha jina lake libakie kwenye daftari la timu mpaka atakapokuwa tayari.